Gitaa la Pili Mmelizika Hai

Kuna watu wawili nataka kugombana nao hapa. Hawajuani, na wakikutana sidhani watasalimiana. Mmoja ana baa hapa Rongo, kando ya barabara ya Kisii kwenda Migori, na mlangoni pake kuna woofa kubwa kama kabati. Mwingine anaishi Nairobi, ana hedifoni za bei ya pikipiki, na anataja vipuri vilivyo ndani yake kama katekista anavyotaja watakatifu. Nimekaa na wote wawili. Wa kwanza aliniambia, "Benga ni ya kucheza, ndugu yangu. Weka besi, watu wainuke, basi." Wa pili akaniambia, "Hizo rekodi zenu za zamani ni mbovu. Ukitaka kupima hedifoni, weka jazi ya Marekani iliyorekodiwa vizuri."

Mmoja anaipenda benga na mwingine anaidharau, lakini neno lao ni moja: humo ndani hamna kitu cha kukaa chini ukasikiliza. Mimi nasema kimo, na nimekisikia.

Nina sababu ya kuchukulia jambo hili kibinafsi. Baba yangu mdogo alipiga gitaa la pili katika bendi moja ya benga miaka ya sabini. Bendi haikudumu. Iliacha santuri moja ndogo, ya mwaka 1978, na hiyo ndiyo mali yote ya kazi yake. Nimekua nikiambiwa, "Huyo ni baba yako mdogo anapiga," na nimekua bila kumsikia. Kwenye redio ya nyumbani, kwenye matatu, kwenye simu, kwenye ile baa, nilisikia mwimbaji, gitaa la kwanza na mdundo. Gitaa la pili lilikuwa hadithi ya familia tu. Binamu yangu mmoja hata alisema mzee anajisifu bure, kwamba siku ya kurekodi pengine aliachwa nje akilinda baiskeli.

Halafu nikapata hedifoni za Fostex T50RP, zimetumika, kwa mtu wa Luthuli pale Nairobi. Ni hedifoni za planari. Nieleze kidogo. Hedifoni za kawaida ni spika ndogo: kuna koni, na nyuma yake koili inayoisukuma. Za planari hazina koni. Zina utando mwembamba sana ambao waya wake umechapwa juu ya utando wenyewe, na utando huo umekaa katikati ya sumaku za mbele na za nyuma. Umeme ukipita, utando unasukumwa karibu wote kwa pamoja. Fostex ni kampuni ya Japani, na T50RP ni chombo cha studio, plastiki nyeusi, sura hana. Sifa yake kubwa ni kwamba watu huifungua. Kule San Diego, Marekani, kampuni iliyoitwa MrSpeakers ilijijengea jina kwa kuuza T50RP zilizorekebishwa, ikiziita Mad Dog. Yaani jua kali, ila ya San Diego.

Zangu zilirekebishwa Rongo. Fundi wangu anatengeneza redio na simu kwenye kibanda karibu na stendi. Alizifungua kwa bisibisi, akavigonga vile vikombe kwa kucha. "Omera, hii ni debe," akasema. Alikuwa sahihi. Plastiki ile hutetemeka, na sauti ya nyuma ya utando hurudi ikajichanganya na ya mbele. Akabandika plastisini ya watoto wa shule kwenye kuta za ndani, akaweka pamba, akaziba baadhi ya matundu. Mara ya kwanza tuliharibu. Pamba ilizidi, na mwimbaji akawa kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Tukapunguza. Kisha besi ikapotea kabisa, tukahangaika wiki nzima kabla ya kugundua kwamba sponji za masikio zimechakaa na hewa inavuja. Tukaweka nyingine, nene, za ngozi bandia, na besi ikarudi. Kwa hiyo mtu asikutishe na neno marekebisho. Sehemu kubwa ni kuziba hewa na kutuliza plastiki.

Amplifaya ndiyo iliyotusumbua zaidi. Hedifoni hizi ni nzito kusukuma: ukizipa miliwati moja zinakurudishia desibeli 92 tu. Gitaa likipigwa ghafla na unataka kilele cha desibeli 110, unahitaji zaidi ya miliwati 60, na kwa omu 50 hiyo ni karibu volti 1.8. Simu nyingi hazifiki hapo. Nilipochomeka kwenye simu yangu, sauti ilikuja, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyekosa chakula cha mchana.

Yule bwana wa Nairobi, na hapa nampa haki yake, aliniazima amplifaya ya valvu. Kwa hedifoni zake za omu 300 ilikuwa tamu kweli. Kwangu ilikosa pumzi. Amplifaya ya aina ile, isiyo na transfoma ya kutolea sauti, haina mkondo wa kutosha kwa omu 50, basi besi ikalegea na gitaa likaanza kukwaruza kila lilipopanda. Ni ghali, ni nzuri, na haikuoana na mzigo wangu.

Iliyofaa alitengeneza fundi. Alitoa aisii ya TDA2030 kwenye woofa iliyokufa, akaiendesha kwa betri ya pikipiki ya volti 12 ili mngurumo wa stima usiingie. Aisii hiyo iliundwa kusukuma spika, kwa hiyo ina nguvu kupita kiasi, na mwanzoni ilivuma shhh hata kabla muziki haujaanza. Fundi akaweka rezista mbili za kugawa ile nguvu kabla haijafika masikioni. Kwa hedifoni nyingi za kawaida, ambazo ukinzani wake hupanda na kushuka sauti inapobadilika, ujanja huo unaweza kuharibu besi. Planari ukinzani wake ni karibu ule ule toka chini hadi juu. Kinachopungua ni ukubwa wa sauti, na ule uvumi unaenda nao. Kimya kikaja. Nikasikia santuri yenyewe ikizunguka.

Santuri ile niliinakili mwenyewe kwa mashine ya jirani, bila kuongeza kitu. Ni mono. Maana yake magitaa yote mawili yanatoka sehemu moja, katikati ya kichwa. Huwezi kuyatenganisha kwa kushoto na kulia. Utayatenganisha kwa namna kila moja linavyoanza noti na kuiacha. Ukipima hedifoni kwa rekodi ambayo kila mpigaji amepewa kona yake ya chumba, umeipa mtihani rahisi. Mono ya benga, yenye magitaa mawili yanayojibizana kwa kasi kama nyuzi nane za nyatiti, ndiyo mtihani mgumu. Bwana wa Nairobi, umekuwa ukipima mizani yako kwa pamba.

Gitaa la kwanza lilikuja, kali, karibu. Chini yake besi ikitembea, kila noti na mahali pake. Na katikati, pale ambapo siku zote nilisikia ukungu, kulikuwa na mtu. Anapiga vifupi vifupi, anajaza nafasi ambazo gitaa la kwanza linaziacha, wala hawagongani. Nilitoa hedifoni, nikazivaa tena, kama mtu anayepangusa miwani.

Sasa wewe wa woofa. Usiseme nachukia besi. Benga ina besi, na besi yake inaimba. Shida ni kwamba boksi lako limetengenezwa kupenda mvumo mmoja. Noti yoyote ya chini ikiingia, inatoka na sauti ile ile, bum, bum, bum, na mpigaji besi anageuzwa kuwa mpiga ngoma. Juu yake umeweka vispika vidogo vinavyolia tsss. Kati ya bum na tsss kuna shimo, na gitaa linaishi humo humo. Uzi wa chini kabisa wa gitaa uko kwenye hezi 82, na noti zake za juu zinapita kidogo 1,000. Chukua hapo katikati, umechukua mikono ya watu. Santuri zile zilitengenezwa kwa ajili ya redio na gramofoni za spika moja ndogo, na magitaa yaliwekwa mbele kwa makusudi. Waliorekodi benga kwa A.P. Chandarana kule Kericho hawakuwa wakirekodi woofa.

Utaniambia benga ni ya watu wengi, na hedifoni ni za mtu mmoja aliyejifungia. Hoja hiyo ina uzito, na sikatai. Hakuna atakayecheza na plastisini yangu, na siku ya harusi nitakuwa nyuma ya woofa yako kama wengine. Lakini harusi huisha. Kinachobaki ni nakala, na nakala ndizo zinazoniuma. Vijana wa kujazia watu nyimbo kwenye flashi wanachukua santuri, wanaongeza besi kabla ya kuhifadhi, kisha santuri inarudishwa kwa mwenyewe ikavunjikie chini ya kitanda. Kwenye flashi moja niliyonunua hapa mjini, wimbo wa pande mbili ulikuwa na upande wa kwanza tu. Upande wa pili ndipo mwimbaji anaponyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja! D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka wetu, alifariki mwaka 2006, na rekodi zake ni nyingi na zina wenyewe wa kuzilinda. Wale wa santuri moja nani atawalinda? Nakala yao ikiharibiwa, hawakuwahi kupiga.

Nilimpelekea mzee hedifoni nyumbani kwake Kamagambo, na betri nikaifunga kwenye boda. "Hiki ni cha daktari?" akauliza. Nikamvalisha. Upande wa kwanza alisikiliza bila neno, ameshika magoti. Upande wa pili, magitaa yalipobaki peke yake, aliinua kidole.

"Hapo. Hapo nilikosea."

"Wapi, Baba?"

"Rudisha."

Nikarudisha. Akanipa sikio moja nisikie. Kweli, kuna noti moja inayochelewa, kisha vidole vinakimbia kuifukuzia. "Niliwaambia turudie," akasema. "Wakaniambia hakuna mtu atakayesikia." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akataka kusikia tena. Alisikiliza mara nne.

Wale wenzake walikuwa wamesema kweli, mpaka siku ile. Na nyinyi wawili ndio mliokuwa mkiwatimizia neno lao, mmoja kwa kelele, mwingine kwa dharau.

Siwaombi mnunue hedifoni. Naomba vitu viwili. Wewe wa Nairobi, siku nyingine ukipima chombo chako, weka benga ya mono na uandike umesikia magitaa mangapi. Na nyinyi mnaojaza flashi: nakilini kwanza jinsi ilivyo, pande zote mbili, muihifadhi hiyo. Kisha ongezeni besi kwenye nakala ya pili mpaka madirisha yalie, sitasema kitu. Na binamu yangu akisoma hapa, aje Kamagambo. Mzee yupo, na betri imejaa.