Majani ya mwezi wa kenda

Baba na mama, na ninyi vijana munaobaki nyumbani na wadogo wenu, mwezi huu tuongee juu ya majani ya miti. Wengine watacheka. Lakini mutoto wa miaka mine hajui bado kusoma kitabu. Anasoma kile anachoshika mukononi.

Labda mumekwisha kuona vile vitabu vya materneli vinavyotoka Ulaya. Mwanzo wa masomo, mwezi wa kenda, kuna picha ya muti wenye majani ya njano na mekundu yanayoanguka, na mutoto amevaa koti na kofia ya sufu. Pembeni wameandika neno la kufundisha: « otoni ». Ndiyo majira ya kule, wakati joto linapokwisha na baridi kali inakaribia.

Picha si ya uongo. Kule siku zinakuwa fupi, muti unaacha kutengeneza rangi ya kijani, na njano iliyokuwa imefichwa chini inatokea. Kisha majani yanaanguka, muti ukijitayarisha kwa baridi. Mwalimu wa kule anatoka na watoto inje, wanaokota, wanapanga, wanahesabu. Kazi ya namna ile ilipata nguvu kwa munganga mumoja wa Ubelgiji, Ovide Decroly, aliyefungua ekole yake Brussels mwaka 1907. Yeye alitaka mutoto aanze kwa kuangalia kitu chenyewe, halafu akilinganishe na vingine, halafu aonyeshe alichoelewa kwa kusema, kwa kuchora ao kwa kazi ya mikono.

Sasa niambieni: mutoto wa Likasi ao wa Kipushi akiwekewa mbele yake picha ya muti wa Brussels, anaangalia kitu gani? Tumechukua picha, tumeacha njia.

Maana huku kwetu mambo yanaenda kinyume. Miti ya pori letu, ile miombo, inaangusha majani wakati wa jua, kwa sababu mayi yamepungua katika udongo, si kwa sababu ya siku fupi. Na kabla tone la mvua halijaanguka, mwezi wa kenda na wa kumi, inatoa majani mapya, mekundu kama shaba! Jani jekundu la Ulaya ni muzee anayekwenda zake. Jani jekundu la kwetu ni mutoto muchanga. Kijani kinakuja nyuma, jani likikomaa. Mutoto akifundishwa kwamba nyekundu ni jani lililochoka, na inje anaona jekundu ndilo lililozaliwa juzi, aamini mwalimu ao macho yake? Watoto wengi watachagua mwalimu, na hapo ndipo wanajifunza kufunga macho.

Kazi yenyewe haiombi franka. Mama mwalimu, ao wewe yaya uliyebaki na wadogo, chagua muti mumoja karibu. Funga kitambaa kwenye tawi moja lenye majani mekundu, tawi ambalo watoto wanafikia. Kila siku ya kwanza ya juma muende mukaangalie tawi lile lile. Waulize: limebadilika nini? Usiwape jibu. Wachore kila mara, na zile karatasi zipangwe ukutani kwa kufuatana. Baada ya majuma machache wataona wenyewe rangi inavyohama kutoka nyekundu mupaka kijani. Mutoto mumoja atasema tu: « Mama, ile ya nyekundu ilienda wapi? » Hilo ni ulizo kubwa, hata wenye diploma wanalitafuta. Wengi wanafikiri rangi ile inalinda jani laini wakati jua ni kali.

Majani yaliyoanguka muyaokote pia. Watoto wayapange: makubwa huku, madogo huku, ya maembe peke yake, ya mupera peke yake. Wahesabu mupaka tano, wakubwa mupaka kumi. Kisha weka jani chini ya karatasi ya kaye ya zamani, na mutoto apake juu yake kwa kipande laini cha makala. Mishipa yote ya jani itatokea, na watoto wanapiga kelele kila mara. Kreyo ni nzuri, lakini makala iko katika kila jiko. Ya kubandika, tumia uji muzito wa muhogo. Na zile ganda ngumu za miombo, zinazopasuka kwa kishindo wakati wa jua na kurusha mbegu mbali, zinafaa sana kwa kuhesabu. (Wadogo wa miaka mitatu muwachunge, wasitie mbegu puani.)

Mutoto anaweza kuuliza pia juu ya vilima vyetu fulani visivyo na miti, majani mafupi tu na maua. Umujibu kweli: udongo wa pale una shaba nyingi, na miti mingi haiwezi kuivumilia. Kuna ua moja dogo, wenye elimu wanaliita Haumaniastrum katangense, ambalo limesaidia watafutaji wa madini kujua pahali penye shaba.

Ikiwa muti unaujua udongo, na sisi wazazi tuujue. Vitabu vya Ulaya vinasema tu « tokeni inje na watoto ». Kwetu lazima tuulize: inje wapi? Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi yao juu ya Kasulo, mutaa wa Kolwezi ambamo watu wanachimba kobalti kati ya nyumba. Watoto wa pale walikuwa na kobalti katika mukojo karibu mara 10 kupita watoto wa pahali pengine. Mavumbi ndiyo yanaingia, na mutoto mudogo anatia mikono kinywani siku nzima.

Kwa hiyo majani yasiokotwe karibu na teri, wala kando ya barabara ya malori ya madini, wala kwenye muto ambamo wanasafisha mawe. Mufuko uliobeba mawe usibebe majani ya watoto, hata ukikung'utwa. Mukirudi, osheni majani kwanza, kisha mikono yote kwa sabuni, na chakula kije nyuma. Kufagia darasa, munyunyize mayi ili vumbi lisiruke. Mahali pazuri ni uwanja wa kanisa ao wa ekole, kama uko mbali na machimbo.

Mvua ya kwanza ikifika, wekeni inje kopo lenye kuta zilizonyooka. Asubuhi mutoto atie kijiti ndani, aweke alama pale kilipolowa, na kijiti kifungwe ukutani kando ya michoro ya tawi. Baadaye watakuja bowa na masuku. Masuku watoto wahesabu kabla ya kula. Bowa wa pori wasiguse peke yao. Waachiwe mama anayewajua.