Dawa ya macho inayotuliza haraka ndiyo ya kuulizia

Kiangazi Kigoma ni vumbi. Panda bodaboda mchana kutoka Katubuka kwenda mjini, utafika macho mekundu, yanawasha, yanatoa machozi. Mtoto mwenye aleji ndiyo zaidi, anayasugua usiku kucha. Mama anaenda duka la dawa, anasema "nipe ya macho", anapewa kichupa. Kesho yake mtoto yuko mpirani.

Hapo ndipo tatizo linapoanza.

Dawa ya macho inayotuliza haraka namna hiyo mara nyingi ina steroidi. Inazima wekundu na kuwashwa, lakini ikitumika wiki hadi miezi inaweza kupandisha presha ndani ya jicho. Presha hiyo kwa kawaida haiumi. Inaharibu taratibu mshipa wa fahamu wa jicho, uoni unaanza kupotea pembeni, na ukipotea haurudi. Hiyo ndiyo glakoma. Steroidi inaweza pia kuleta mtoto wa jicho, hata kwa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Januari 2024, macho mekundu yalipoenea kuanzia Dar es Salaam, Wizara ya Afya iliwataka watu wasijitibu kwa dawa ambazo hawakuandikiwa. Mlipuko ukapita, onyo nalo likasahaulika. Ila aleji hurudi kila mwaka, na kichupa kinanunuliwa kilekile.

Kina mama siwalaumu. Dawa salama zaidi za aleji, kama cromoglycate, huchukua siku kadhaa kuonyesha kazi, na foleni ya hospitali inakula siku nzima ya biashara. Mwenye la kujibu ni muuzaji: dawa ya macho yenye steroidi ni ya cheti cha daktari.

Kwa hiyo soma boksi kabla hujalipa. Majina ya kutafuta ni Dexamethasone, Betamethasone na Prednisolone. Tazama hadi maandishi madogo, maana mara nyingi imechanganywa na antibayotiki na jina kubwa la nje ni jingine kabisa. Kama hukuandikiwa, iache. Kama umeandikiwa, muulize dokta ni kwa siku ngapi, na presha ya jicho utapimwa lini. Na mtoto aliyeshatumia kwa miezi apelekwe kupimwa, hata kama anaona vizuri.

Machozi ya bandia ya macho makavu hayana steroidi, ila nayo yanataka usafi. Marekani mwaka 2023 chupa zenye bakteria zilihusishwa na wagonjwa 81, na wanne kati yao walifariki. Zile zilitoka kiwandani hivyo, lakini hata nyumbani chupa inachafuka. Ncha isiguse jicho, kila mtu awe na yake, na ikishafunguliwa, nyingi hutupwa baada ya wiki 4.

Jicho likiuma, likiona ukungu au likishindwa kuvumilia mwanga, achana na duka. Nenda hospitali siku hiyohiyo.