Maelezo ya Toleo Yasomwe Kabla ya Kompyuta Kuhuishwa

Mkulima wa Chanji anayenunua mbegu mpya ya mahindi hatosheki kuambiwa kwamba mbegu hiyo ni bora. Huuliza kwanza kama inafaa nyanda za juu za Ufipa zenye baridi, au imekusudiwa joto la bonde la Ziwa Rukwa. Tahadhari hiyo hiyo haina budi kuwaongoza waliokabidhiwa kompyuta za shule, zahanati na ofisi zetu.

Mifumo ya jamii ya Unix, ambayo asili yake ni maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, leo huendesha seva nyingi duniani. Katika mifumo hiyo programu hugawanywa katika vifurushi, na amri moja fupi yaweza kuhuisha mamia ya vifurushi kwa pamoja. Wepesi huo ndio unaotupumbaza. Kila toleo kuu huambatana na maelezo ya yaliyobadilika, yaliyoondolewa, na yanayopaswa kutendwa kabla ya amri kutolewa. Katika FreeBSD lipo faili liitwalo UPDATING, linaloonyesha tarehe ya kila badiliko na watumiaji linaowahusu. Debian nayo hutoa kijitabu kizima. Hata hivyo, aghalabu maelezo hayo hutafutwa baada ya mashine kukwama.

Tuchukue mfano wa Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025. Toleo hilo halina tena kiini wala programu ya kusimikia mfumo kwa kompyuta za biti 32 za aina ya i386, na maelezo yake yanawaasa wenye mifumo hiyo wasihamie. Ikiwa prosesa yenyewe ni ya biti 64, mfumo usimikwe upya. Ikiwa sivyo, mashine hiyo ipangiwe kustaafu. Aidha, saraka ya /tmp sasa huwekwa katika kumbukumbu badala ya diski, na yaweza kuchukua hadi nusu ya kumbukumbu hiyo. Kwa shule iliyopokea kompyuta kuukuu za msaada, habari hizi mbili si ndogo hata kidogo.

Jambo la hatari zaidi ni data. Toleo kuu jipya la PostgreSQL haliwezi kuendesha moja kwa moja kanzidata iliyohifadhiwa na toleo kuu lililotangulia. Data lazima ihamishwe kwa utaratibu maalumu. Asiyelijua hilo, naye hana nakala ya akiba, anahatarisha rekodi za wagonjwa au alama za wanafunzi. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 300, na fundi haji kwa siku moja.

Wako watakaosema kwamba kusoma huchelewesha kazi, na kwamba kuchelewa huacha milango wazi kwa wahalifu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Marekebisho ya usalama ndani ya toleo moja la Debian imara hutengenezwa kwa kusudi la kutobadilisha tabia ya mfumo, nayo yapokelewe upesi. Kuhama kutoka toleo kuu moja hadi jingine ni kazi nyingine, nayo yastahili kupangiwa siku yake.

Kwa maoni yangu, hatua tatu zafaa kuchukuliwa. Kwanza, kila taasisi imtaje mtu mmoja mwenye wajibu wa kusoma maelezo na kuandika muhtasari katika daftari la mashine. Pili, nakala ya akiba ifanywe, kisha ijaribiwe kurejeshwa, kabla ya toleo kuu kuguswa. Tatu, vyuo vyetu vitoe muhtasari wa maelezo hayo kwa Kiswahili, kwani mengi yao huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kwamba lugha yetu yaiweza kazi hiyo si jambo la kubishaniwa tena: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

Gharama ya hatua hizi ni saa chache za kusoma na karatasi kadhaa. Gharama ya kuzipuuza hulipwa na mgonjwa asiyeonekana katika rejesta, na mwanafunzi ambaye alama zake hazipatikani tena.