UKIKATISHA BIMA, PESA YAKO INAENDA WAPI?

Ndugu yangu, dada yangu, hapa Kinoru na kote Meru na Embu,

Wewe unayeendesha Probox ya Makutano, wewe wa bodaboda, na wewe uliyenunua kagari ka familia kwa jasho: zile karatasi za bima ulizopewa, umewahi kuzisoma? Si cheti, la. Nasema mkataba wenyewe, ule wa kurasa nyingi na maandishi madogo. Tuseme ukweli, wengi wetu hatujausoma. Tunalipa, tunapata cheti, tunaondoka.

Shida huanza siku ya kuuza gari. Jamaa mmoja mtaani kwetu alilipa bima ya mwaka mzima. Baada ya miezi 3 akauza gari apate karo ya watoto. Akaenda kwa ajenti akijua atarudishiwa pesa ya miezi 9 iliyobaki. Akapewa kidogo sana. Kuuliza, akajibiwa: "Ndivyo mkataba unavyosema." Na kweli, mkataba ulisema hivyo.

Hii ndiyo hesabu yao. Kampuni ikikatisha bima yenyewe, kwa kawaida hukurudishia pesa ya siku zilizobaki, siku kwa siku. Lakini wewe mteja ukikatisha, mikataba mingi hutumia jedwali lingine, la muda mfupi, ambalo humwachia mwenye kampuni sehemu kubwa zaidi.

Chukua mfano. Umelipa Sh36,500 kwa mwaka, yaani Sh100 kwa siku. Umetumia siku 90, hiyo ni Sh9,000. Kwa hesabu ya siku, unadai Sh27,500. Sasa tuseme jedwali lao linasema baada ya miezi 3 kampuni inabaki na nusu. Utapata Sh18,250. Umepoteza Sh9,250 kwa ulinzi ambao hukuupata. Hiyo faini imepita hata gharama ya bima uliyotumia! Kitendo ni kimoja, kukatisha mkataba. Mbona akikatisha mkubwa ni hesabu moja, akikatisha mnyonge ni nyingine?

Tuwe waadilifu pia. Kampuni ina gharama: kamisheni ya ajenti, ushuru wa stempu, tozo za serikali, kazi ya kuandika mkataba. Na ukiwa umeshalipwa fidia ya ajali mwaka huo, huwezi kudai urudishiwe pesa. Hayo tunayakubali. Gharama halisi ilipwe. Lakini gharama halisi huweza kuandikwa kwenye karatasi, shilingi kwa shilingi. Kama hawawezi kukuonyesha, basi hiyo ni adhabu.

Na usisahau jambo moja kubwa. Bima ya gari si anasa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inakulazimisha uwe na bima ya mtu wa tatu kabla hujatia gurudumu barabarani. Kitu ambacho sheria inakulazimisha kununua, haki ni kwamba mlango wa kutokea usiwe na kufuli.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inakupa wewe mnunuzi haki ya kupata habari zote unazohitaji ili ufaidike na ulichonunua, na haki ya kulindwa maslahi yako ya kiuchumi. Jedwali lililofichwa ukurasa wa nyuma, kwa lugha ya mawakili, hilo ni kukupa habari kweli? Hata wale wetu wanaochagua takaful, ambayo msingi wake ni kusaidiana, wasilale: nayo ina mkataba, nayo iulizwe swali lilelile.

Basi fanya hivi. Kabla hujalipa, muulize ajenti: "Nikikatisha baada ya miezi 3 nitarudishiwa ngapi?" Akuandikie, si kwa mdomo. Kama hujui utakaa na gari muda gani, uliza kama kuna bima ya mwezi mmoja mmoja. Ukiuza gari, kabla ya kukatisha, uliza kama bima inaweza kuhamishiwa gari jingine unalonunua. Ukikatisha, peleka barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukidhulumiwa, andikia kampuni kwanza. Ikikaa kimya, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi Sh milioni 1, na huhitaji wakili.

Na kwa IRA tunasema wazi: lazimisheni ada ya kukatisha iandikwe ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili na Kiingereza, na isizidi gharama halisi.

Elfu tisa ni karo ya mtoto. Si pesa ya kunyamazia. Msomee ujumbe huu jirani yako mwenye gari, kisha mfungue mikataba yenu pamoja.