Usilipie Kidoti, Jenga Kipimo

Siku hizi kikundi cha vijana kikinunua trekta, hata kabla halijaingia shambani, wanatafuta kifaa cha kulifuatilia. Fundi wa kampuni anakuja, anafunga kiboksi cheusi chini ya dashibodi, mnaanza kulipa kila mwezi, na kwenye simu mnaona kidoti kinatembea. Dereva akipitiliza njia, anapigiwa. Sina ugomvi na hilo. Ila msimamo wangu nautoa mapema: kijana anayekodisha trekta kwa ekari hana sababu ya kulipia kidoti. Anachohitaji ni kipimo, na kipimo hicho anaweza kukijenga mwenyewe kwa programu huria na simu ya zamani iliyolala kabatini.

Tuanze na ekari yenyewe, maana ndiko pesa inakovujia.

Wengi wetu tunapima kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63.6. Kwa hiyo hatua 70 ni sahihi kama hatua yako ina sentimita 90 hivi. Sasa mwite jamaa mrefu mwenye hatua ya mita nzima. "Ekari" yake ina mita za mraba 4,900, yaani ekari 1.21. Mwite mwingine mwenye hatua ya sentimita 80, ya kwake ina mita za mraba 3,136, yaani robo tatu na kidogo tu ya ekari. Wote wawili wamepima hatua 70, na wote wataapa kwamba hawajadanganya.

Tuseme unatoza shilingi 60,000 kulima ekari moja. Mwenye shamba ni yule mrefu, kakupimia "ekari kumi". Umelima ekari 12.1 na kulipwa za kumi. Shilingi 126,000 zimebaki ardhini, na dizeli yake umeichoma wewe. Ukipimiwa na yule wa hatua fupi, mwenye shamba ndiye anayeibiwa, na msimu ujao anatafuta trekta jingine huku akikutangaza kijiji kizima.

Na hasara haiishii kwenye kulima. Mimi kama afisa ugani nikikwambia mbegu ya mahindi kilo 8 hadi 10 kwa ekari, mbolea ya kupandia mfuko mmoja wa kilo 50, wewe unaipeleka kwenye ekari ipi? Ya miguu mirefu au mifupi? Halafu mwisho wa msimu mtu anajisifu kavuna gunia 20 kwa ekari, anachukua hesabu hiyo anapeleka kwenye taasisi ya mikopo. Hesabu nzima ya biashara yako imesimama juu ya urefu wa mguu wa mtu.

Sasa rudi kwenye kile kiboksi. Vingi vimepangwa kwa ajili ya wizi na mwendo kasi barabarani, hivyo vinatuma mahali trekta lilipo kila baada ya dakika moja au zaidi. Kwa gari la abiria inatosha. Kwa trekta shambani haifai kitu. Trekta linalolima kwa kilomita 5 kwa saa linatembea mita 83 kwa dakika. Upande mzima wa ekari ni mita 64. Yaani kati ya pointi moja na nyingine trekta limeshamaliza upande na kukata kona, na ramani haina habari. Ukitaka kipimo unahitaji pointi kila sekunde 5 hadi 10, na uwezo wa kuamua hilo lazima uwe mikononi mwako.

Programu ninayoipendekeza inaitwa Traccar. Ni ya chanzo huria: msimbo wake uko wazi, hakuna ada ya leseni, na inaelewana na aina zaidi ya 2,000 za vifaa vya kufuatilia. Sehemu yake ya kwanza ni seva, inayopokea pointi na kuzitunza. Hiyo mnaweza kuiweka kwenye kompyuta ndogo ya kukodi mtandaoni, na vikundi vitatu au vinne vikichangia moja, gharama inakuwa ya kawaida kabisa. Sehemu ya pili ni Traccar Client, programu ya simu ambayo nayo ni ya bure. Unaiweka kwenye simu, unaandika anwani ya seva yenu, unachagua sekunde 10, basi. Simu imeshakuwa kifaa cha kufuatilia.

Watu huogopa bando. Saa nane za kazi, pointi kila sekunde 10, ni pointi 2,880. Hata kila pointi ikila kilobaiti moja, siku nzima haifiki megabaiti 3. Picha moja ya harusi uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp inaweza kuzidi hapo.

Simu ifungwe wapi? Matrekta yetu mengi hayana kibanda, vumbi lote ni la dereva na la simu pia. Kopo la plastiki lenye mfuniko linatosha, lifungwe juu sehemu inayoona anga, na waya wa chaji utoke kwenye soketi ya volti 12. Usiiweke kwenye boksi la chuma la spana, mawimbi ya setelaiti hayapenyi chuma. Kitu kingine kinachosumbua sana: simu za Android zina tabia ya kuzima programu zinazofanya kazi kimyakimya ili kubana betri. Ingia kwenye mipangilio, iondoe Traccar kwenye ubanaji huo, la sivyo utapata njia iliyokatika vipande vipande na utamlaumu dereva bure.

Na mtandao ukikosekana? Programu inahifadhi pointi kwenye simu na kuzituma mawimbi yakirudi. Kwa mtu wa kidoti hiyo ni hasara, kwa mtu wa kipimo hakuna kilichopotea.

Wale wenzangu wanaopenda kuchomelea waya wanaweza kujenga kifaa chao kwa ESP32, moduli ya GPS ya NEO-6M na moduli ya simu ya SIM800L. Ni kazi nzuri ya jioni. Mjue tu kwamba SIM800L inapotuma huvuta umeme hadi ampea 2 kwa mshtuko mfupi, na ukiilisha kwa waya mwembamba inajizima kila mara. Ila kwa anayetaka ekari zake wiki hii, simu inatosha. Na kama tayari mna kiboksi cha kampuni, vingi hukubali kubadilishiwa anwani ya seva kwa ujumbe mfupi. Someni mkataba kwanza.

Ramani inayoonekana nyuma ya pointi ni OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanza mwaka 2004 na kujazwa na watu wa kawaida. Dar es Salaam imo kwa undani kwa sababu ya Ramani Huria, kazi iliyoanza 2015 ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora nyumba, barabara na mifereji ili mafuriko yaeleweke. Huku kwetu vijijini bado kuna weupe mwingi, unaweza kuona trekta lako linalima katikati ya karatasi tupu. Njia ya shamba, kisima, ghala, daraja lisilopitika masika, vyote mnaruhusiwa kuvichora. Mkivichora, dereva mgeni hapotei.

Ekari zenyewe unazipata hivi. Jioni unaitoa njia ya siku kama faili la GPX, unaifungua kwenye QGIS, programu nyingine huria, unachora mpaka kufuata raundi za nje kabisa za trekta, nayo inakupa eneo. Usijaribu kuhesabu matuta. GPS ya simu, hata anga likiwa wazi, inaweza kukosea karibu mita 5, na plau yako ina upana wa mita moja hivi, kwa hiyo mstari mmoja na wa jirani yake vitachanganyikana. Mpaka wa nje ndio wa kuaminika, na kadiri shamba linavyokuwa kubwa kosa linapungua uzito. Kwa kipande cha chini ya ekari moja, chukua futi kamba. Sisemi kwa utani, futi kamba bado ni mfalme hapo.

Kuna watakaosema bure ni ghali. Wana hoja. Seva inahitaji mtu wa kuisasisha, kutunza nakala, na kujua nywila. Nimeona kikundi kimoja kikipoteza msimu mzima wa kumbukumbu kwa sababu aliyeweka seva alioa akahamia mkoa mwingine na nywila yake. Nywila wajue watu wawili. Kama mna trekta moja na hakuna kati yenu mwenye hamu na mambo haya, lipieni kampuni, lakini kabla ya kusaini waulizeni maswali mawili: pointi zinatumwa kila sekunde ngapi, na mkiondoka mtapewa kumbukumbu zenu kama faili? Wakiguna, tafuteni wengine.

Limebaki la dereva, na hapa ndipo vikundi vingi vinaharibu. Wakifunga kifaa wanakifunga kama polisi. Dereva hajaambiwa, anashtukia siku anapoitwa kwenye kikao kuulizwa alikuwa anafanya nini kwa fulani saa tisa. Wiki mbili baadaye simu "inaanguka majini". Mimi nasema apewe akaunti yake kwenye seva hiyohiyo, aione njia yake kila jioni, na alipwe kwa ekari zilizopimwa. Yule mteja wa hatua ndefu alikuwa anamuibia na yeye pia. Atailinda simu ile kuliko nyinyi. Kulima pembeni hakutaisha kabisa, lakini dereva anayelipwa kwa kipimo ana sababu ya kutaka kila ekari ionekane.

Tena siyo hisani tu. Mahali alipo mtu ni taarifa yake binafsi, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023. Mwambieni dereva nini kinakusanywa, kwa nini, na nani anaona, aandike kwamba amekubali. Ulizeni pia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu usajili wa wanaokusanya taarifa. Simu ikae kwenye trekta, isiwe ya mfukoni mwake, na kazi ikiisha izimwe. Alikolala siyo biashara ya kikundi.

Mvua bado, kwa hiyo muda wa kujaribu upo. Pimeni ekari moja kwa futi kamba, mita 63.6 kila upande, pigeni vigingi, kisha trekta lizunguke mpaka huo mara tatu simu ikiwa kwenye kopo lake. Linganisheni eneo la kila mzunguko. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, angalieni kwanza sekunde kati ya pointi na pointi, halafu angalieni kama kuna bati au mti mkubwa juu ya simu.