BARAZA LA SENEMA: “Naiamini Marekani”

Kama ilivyo ada ya baraza hili, kila mwaka tunachagua picha moja na kuitazama kwa jicho letu sisi tuliohama. Safari hii sitaizungumza picha nzima, bali maneno yake ya mwanzo tu, ambayo nayaweka mbele ya yote niliyopata kuyasikia katika senema: “Naiamini Marekani.”

Picha yenyewe ni The Godfather ya mwaka 1972. Inaanza kwa giza tupu. Inasikika sauti ya mzee mwenye lafudhi ya Kitaliana akiyatamka maneno hayo, kisha uso wake unatokeza gizani. Jina lake Bonasera, mhamiaji wa New York, na kazi yake ni kutayarisha maiti kwa mazishi. Kwa dakika 3 hivi kamera inarudi nyuma polepole, mpaka tunaona mkono na bega la anayemsikiliza. Huyo ndiye Don Corleone, mkubwa wa wahalifu, aliyechezwa na Marlon Brando.

Sasa sikilizeni yanayofuata. Mzee anaeleza kwamba nchi ile ndiyo iliyompa utajiri. Binti yake amemlea Kimarekani. Kampa uhuru, lakini kamfunza asiivunjie familia heshima. Vijana wawili wakamnywesha pombe, wakataka kumharibu. Alipokataa walimpiga hadi wakamvunja pua na taya. Baba akaenda polisi, kama raia mwema. Hakimu akawahukumu miaka 3, kisha akaisimamisha adhabu hiyo, na siku ile ile wakatoka huru. Wakamcheka mbele ya mahakama.

Basi hapo ndipo penye uzito wa maneno yale. Bonasera hayasemi siku ya neema. Anayasema siku ambayo imani yake imekwisha kuvunjika, na bado anaanza nayo, kama mtu anayelitaja jina la maiti kabla ya kueleza alivyokufa. Nani kati yetu hakuwahi kusema mfano wake? Tumewaambia watoto: hapa pana sheria, soma, fanya kazi, usigombane na mtu, utapata haki yako. Na mara nyingi imekuwa hivyo. Lakini mhamiaji akikosa haki, huumia mara mbili: kwa dhuluma yenyewe, na kwa sababu alijitolea kuiamini nchi isiyokuwa ya babu zake.

Don naye anajibu kwa lawama ambayo sisi watu wa kahawa tunaielewa bila ya mkalimani. Anamwambia: tumejuana miaka mingi, mke wangu ni mama wa ubatizo wa mwanao wa pekee, lakini sikumbuki mara ya mwisho uliponikaribisha nyumbani kwako hata kwa kikombe cha kahawa. Ulipoiona pepo yako Marekani hukuwa na haja na rafiki kama mimi.

Wako wanaosema kwamba Don kashinda hoja. Mimi sikubali. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini halikusema kwamba halili kabisa. Bonasera anabusu mkono, anapata alichokitaka, na anatoka na deni. Siku Don alipouliwa mwanawe kwa risasi, Bonasera ndiye aliyeitwa usiku amtengeneze maiti yule, ili mama yake asimwone katika hali ile.

Kwa hiyo kosa la mzee huyu si kuiamini Marekani. Kosa lake ni kudhani kwamba imani hiyo inatosha, na kwamba aliye na polisi na mahakama hana haja ya watu. Alipoanguka, mlango pekee alioujua ulikuwa wa jambazi. Lau angekuwa na jamaa wa kumzunguka, wa kulia naye, wa kwenda naye mahakamani na kumtafutia wakili, asingepiga goti kwa Don.

Francis Ford Coppola aliyeiongoza picha hii ni mjukuu wa wahamiaji wa Kitaliana. Baba yake Carmine alitunga baadhi ya muziki wa ile harusi, na dada yake Talia Shire ndiye bibi harusi. Waliojua kukaa pamoja ndio waliotuonyesha hasara ya mtu aliyekaa peke yake.

Wazee wenzangu, tuwafunze vijana kuiamini nchi wanayoishi na kushika sheria zake. Lakini kahawa isipoe. Amwulize kila mmoja wetu jirani yake wa asili: lini mara ya mwisho tulinywa kwako, au wewe kwangu?

Mpaka mwakani, Mungu akitujaalia uhai.