Mwanagenzi na Ufagio Usiosimama



Iko dhana iliyoota mizizi majumbani mwetu kwamba kila katuni ni salama kwa mtoto. Mzazi ambaye hawezi kumruhusu mwanawe kutazama filamu ya watu wazima bila kuulizia yaliyomo, humwekea katuni kisha akaenda zake jikoni au barazani akiwa na moyo mtulivu. Kwa kuipima dhana hiyo, leo tuitazame katuni moja mashuhuri, Fantasia, iliyotengenezwa na studio ya Walt Disney nchini Marekani na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 13 Novemba 1940.

Fantasia si hadithi moja yenye mwanzo na mwisho. Ni tungo 8 za muziki wa klasiki wa Ulaya, zilizopigwa na okestra chini ya uongozi wa Leopold Stokowski, na kila utungo ukachorewa picha zake. Katika filamu za kawaida muziki hutungwa ili uifuate picha. Humu picha ndiyo iliyoamrishwa kuufuata muziki. Katika utungo wa Bach unaofungua filamu, baada ya vivuli vya wapigaji, yanabaki mawimbi, mistari na rangi vinavyopanda na kushuka pamoja na sauti. Yote huchukua kama saa 2, muda mrefu kwa mtoto mdogo.

Kazi hiyo ilianza kama filamu fupi tu ya panya Mickey Mouse. Gharama zilipopanda mno, ikaonekana kwamba filamu fupi peke yake haiwezi kuzirudisha, ndipo Disney akaongeza tungo nyingine na kuifanya filamu ndefu. Akaagiza pia mfumo maalumu wa sauti, ulioitwa Fantasound, uliomzungushia mtazamaji muziki kutoka pande mbalimbali za ukumbi. Mitambo yake ilikuwa ghali, na kumbi zilizoweza kuifunga zilikuwa chache. Wakati huo huo, Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha kulifunga soko la Ulaya. Filamu ikapata hasara ilipotoka. Heshima yake ilikuja miaka mingi baadaye.

Ile sehemu ya Mickey ndiyo inayokumbukwa zaidi, na ndiyo inayostahili kutushughulisha. Mickey ni mwanagenzi wa mchawi mkuu, na kazi yake ni kuteka maji. Bwana wake anapokwenda kulala, anaiacha kofia yake ya uchawi mezani. Mwanagenzi anaivaa, anauamrisha ufagio uote mikono, uchukue ndoo na uteke maji badala yake. Ufagio unatii. Naye anaketi kwenye kiti cha bwana, usingizi unamchukua, akaota kwamba anaziamuru nyota za mbinguni na mawimbi ya bahari. Anapozinduka, maji yamekwisha kujaa chumbani, na ufagio bado unateka. Anauambia usimame, hausimami. Anachukua shoka na kuukatakata. Kila kibanzi kinainuka kuwa ufagio mzima wenye ndoo zake. Anafungua kitabu cha bwana wake akitafuta neno la kuusimamisha, huku maji yakimchukua. Hatimaye bwana anatokea na kuyatuliza maji kwa ishara ya mikono.

Kisa hiki hakikuzaliwa Hollywood. Muziki wake ulitungwa na Mfaransa Paul Dukas mwaka 1897, naye aliuchukua kutoka katika shairi la Mjerumani Goethe la mwaka 1797. Goethe naye alikuta kisa hicho kwa Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2 aliyeandika kwa Kigiriki. Katika masimulizi ya Lucian, mambo yanatokea Misri, na kitu kilichoamrishwa kuteka maji ni mchi wa kutwangia. Kijana alijificha gizani akayasikia maneno ya kuuamsha, lakini hakuyasikia ya kuurudisha ulivyokuwa. Basi kwa zaidi ya miaka 1,700, lugha kwa lugha, wanadamu wamekuwa wakionyana jambo lile lile: ole wake ajuaye kuanzisha asiyejua kusimamisha.

Kwa haraka, mzazi atasema kwamba somo hilo ni la mtoto: mtii mwalimu wako, wala usijitie katika usichokijua. Ni kweli. Lakini nadhani mwanagenzi wa zama zetu ni mzazi mwenyewe. Kuna kazi nzito tuliyopewa, ya kuzungumza na watoto, kuwajibu maswali yao na kuvumilia kelele zao. Tumechoka, nasi tumepata ufagio. Tunamkabidhi mtoto simu, nyumba inatulia, tunajilaza. Katuni moja ikiisha, nyingine inajileta yenyewe bila kuitwa. Siku tunapozinduka, mtoto hali chakula bila simu wala halali bila simu. Tunapomnyang'anya kwa hasira, tunakuwa tumeshika shoka: ugomvi mmoja unazaa mingi. Neno la kusimamisha lilitakiwa lijulikane kabla ya neno la kuanzisha.

Turudi kwenye filamu yenyewe, kwani mzazi ana haki ya kujua yaliyomo. Ukiacha huo uchawi wa Mickey, utungo wa Stravinsky umechorewa historia ya dunia tangu kuumbika kwake hadi kuangamia kwa dinosaria, kwa mujibu wa nadharia za sayansi za wakati ule. Utungo wa Beethoven umejaa miungu ya Wagiriki, akiwemo mungu wa mvinyo anayeyumba kwa ulevi, na viumbe wa kike nusu mtu nusu farasi wasiositirika vyema. Katika ule wa Mussorgsky, shetani mkubwa anafunua mbawa zake juu ya mlima na kuwaita wafu. Hapo mtoto mdogo anaweza kukosa usingizi. Tamati ni wimbo wa Schubert, ulioimbwa kama sala ya Kikristo kwa Bibi Maryamu. Suala la ala za muziki nalo lina mjadala wake kwa wanazuoni, na kila familia ina mwalimu wake wa kumwuliza.

Lipo moja ambalo mtazamaji wa leo hataliona. Katika sehemu ya Beethoven alikuwamo binti mweusi, mdogo wa umbo, jina lake Sunflower, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasugua kwato na kuwaremba wenzake. Filamu ilipotolewa upya mwaka 1969, picha zake ziliondolewa. Kwa takriban miaka 30, basi, watoto waliokaa kumbini wakistarehe walifundishwa, bila neno hata moja kutamkwa, nani mrembo na nani mtumishi. Sauti tamu na rangi nzuri haziondoi sumu. Pengine huifanya imezeke kwa urahisi zaidi.

Sisemi kwamba nyumba zisiwe na picha kabisa. Nasema mzazi atangulie kutazama, kisha atazame pamoja na mwanawe. Akichagua sehemu ya mwanagenzi peke yake, ni kama dakika 9 tu, haina mazungumzo, na mtoto wa miaka 7 ataielewa. Ikimalizika, azime, amwulize: kwa nini ufagio haukusimama? Kisha anyamaze, amsikilize. Katika jibu la mtoto atajua ni nini kimeingia moyoni mwake, jambo ambalo ufagio hauwezi kumtekea.